Kranki Hupimwa Mahali Inapobebwa

Kranki ya pikipiki ya zamani yenye silinda moja si kipande kimoja cha chuma. Ni flaiwili mbili nzito, shafti mbili fupi zinazotokeza nje kila upande, na pini moja inayoziunganisha flaiwili hizo na kubeba kichwa kikubwa cha konrodi. Vipande hivi vitano hushikana kwa mchongoko na nati, au kwa kushindiliwa na presi. Kila vinapofunguliwa ili kubadilisha beringi ya konrodi, unyoofu wake hupotea na lazima utafutwe upya. Katika kazi hiyo yameenea maoni mawili yanayorithishwa kutoka gereji hadi gereji kana kwamba ni kanuni ya kiwanda. Ya kwanza yanasema kuwa kranki iliyozungushwa kati ya ncha mbili za kerezo bila kuyumba imeshanyooka, na kazi imekwisha. Ya pili yanasema kuwa kranki huwekwa katikati kwa kusawazisha nafasi kati ya flaiwili na kuta za kasha la injini, kisha kujaza shimu pande zote mbili mpaka iache kucheza. Maoni yote mawili hayafai, na kasoro yao ni moja: hupima kutoka kwenye nyuso ambazo injini haizitumii ikiwa kazini. Kranki haizunguki juu ya ncha za kerezo, wala flaiwili hazigusi kuta za kasha. Kranki hubebwa na beringi, na konrodi hufanya kazi chini ya silinda. Hapo ndipo pa kupimia.

Asili ya maoni haya inaeleweka ukiitazama injini kama ya BSA M20. Pikipiki hiyo ya vali za pembeni ilianza kutengenezwa mwaka 1937, na zaidi ya 120,000 zilitolewa kwa ajili ya majeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 82, mwendo wa pistoni milimita 94, ujazo wake sentimita za ujazo 496, na nguvu yake ni farasi 13 tu kwa mizunguko 4,200 kwa dakika. Ni injini ya taratibu na yenye uvumilivu mkubwa. Imefunguliwa na kufungwa mara nyingi na watu wasio na chombo zaidi ya nyundo na spana, na bado ikawaka. Kutokana na hilo ikadhaniwa kuwa jicho na nyundo vinatosha, na kwamba anayeleta saa ya kupimia kwenye injini ya aina hii anajisumbua bure. Lakini kuwaka hakuthibitishi lolote kuhusu beringi. Injini yenye kranki iliyopinda huwaka kama nyingine, hupanda mlima kama nyingine, na beringi zake huanza kunguruma mapema kuliko inavyostahili. Kwa kuwa miezi imepita tangu ifungwe, lawama huangukia beringi mpya, au mafuta, au umri wa pikipiki.

Ncha za kerezo ndizo zenye watetezi wengi, kwa hiyo zianze. Kwenye mwisho wa kila shafti kuna kitundu kidogo chenye umbo la pia, nacho ndicho kinachoingiwa na ncha ya kerezo. Shafti ilipokuwa mpya, kikalio cha beringi kilisagwa ikiwa imeshikwa kwa kitundu hicho hicho, hivyo mhimili wa kitundu na mhimili wa kikalio ulikuwa mmoja. Hoja ya watetezi husimama juu ya ukweli huo. Ni ukweli wa siku ambayo shafti ilitoka kiwandani, si wa leo. Katika miaka 70 au 80 iliyopita, kila aliyeng'oa sproketi kwa pula alikaza skrubu ya pula ndani ya kitundu hicho. Wengine waligonga mwisho wa shafti kwa nyundo ili itoke kwenye beringi. Kingo za kitundu zimevimba upande mmoja, au kimekuwa na umbo la yai, au kimetobolewa upya kwa drili ya mkono. Ncha ya kerezo ikiingia humo hukaa pale uvimbe unapoisukuma.

Zaidi ya hayo, sehemu ya shafti iliyo nje ya beringi, yenye nyuzi za nati na mchongoko wa sproketi, ni nyembamba, na ndiyo inayovutwa na mnyororo uliokazwa kupita kiasi na kupigwa pikipiki inapoanguka. Hupinda kidogo, na kitundu hupinda nayo, huku kikalio cha beringi kikibaki sawa kabisa. Kranki ya namna hiyo ikiwekwa kati ya ncha za kerezo huonekana inayumba. Fundi huchukua nyundo na kuzigonga flaiwili ambazo hazikuwa na kasoro, mpaka kuyumba kuishe. Anapomaliza, amehamisha kosa kutoka mahali lilipokuwa halidhuru beringi na kulipeleka mahali litakapoidhuru kila mzunguko. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuikataa njia hiyo kama kipimo cha mwisho: inaweza kuharibu kazi njema iliyokuwepo, na chombo kikaonyesha kuwa mambo ni mazuri.

Njia sahihi ni kuilaza kranki kwenye vikalio vyake vyenyewe, juu ya vitalu viwili vya V vilivyo kwenye bamba lililonyooka. Njia nyingine, iliyo nzuri zaidi, ni kuvisha kila kikalio beringi na kuziweka ringi za nje za beringi hizo kwenye vitalu. Kisha saa ya kupimia hugusa shafti mbali na mahali inapobebwa, na kranki huzungushwa polepole kwa mkono. Watetezi wa kerezo hujibu kuwa vikalio vya zamani vimelika, kwa hiyo haviaminiki. Jibu hilo linawageukia wenyewe. Kikalio kilicholika ndicho kitakachobeba beringi kesho, na kipimo kinachokikwepa hakikirekebishi. Kama mikromita inaonyesha kuwa kikalio kimekuwa yai, shafti hiyo yahitaji kubadilishwa, au kuongezewa kromi ngumu na kusagwa, kabla ya suala la unyoofu kuletwa mezani. Kerezo ina nafasi yake katika hatua ya mwanzo, flaiwili zinapoletwa karibu na unyoofu baada ya kuunganishwa, na pia pale ambapo vitundu vimesafishwa na kuhakikiwa dhidi ya vikalio. Haina haki ya kutoa hukumu ya mwisho.

Usomaji wa saa nao una makosa yaliyozoeleka. Sindano ikicheza milimita 0.10 kutoka chini hadi juu, mhimili umehama nusu ya hiyo, yaani 0.05, kwa sababu saa huhesabu pande zote mbili za mzunguko. Kranki iliyounganishwa inaweza kukosea kwa namna mbili. Flaiwili zinaweza kuwa zimejizungusha kidogo kwenye pini, moja ikatangulia nyingine; hapo sehemu ya juu ya kuyumba huonekana robo mzunguko kutoka ilipo pini, na dawa yake ni pigo la nyundo ya shaba nyekundu kwenye ukingo wa flaiwili iliyotangulia. Au flaiwili zinaweza kuwa zimebanana upande wa pini na kuachana upande wa pili, au kinyume chake. Hapo sehemu ya juu huwa kwenye mstari mmoja na pini, na dawa ni kabari mahali palipobanana au jiliwa mahali palipoachana. Mara nyingi makosa yote mawili huwepo pamoja, na anayepiga nyundo bila kutia alama mahali pa juu hurekebisha moja huku akiongeza jingine. Nyundo yenyewe haina ubaya wowote, kwani kiwandani pia ilitumika. Kinachokosekana gereji ni chaki na subira.

Kipimo cha mwisho hufanywa baada ya nati za pini kukazwa kwa nguvu kamili, kwa kuwa nati inapoivuta pini kwenye mchongoko wake flaiwili huhama kwa sehemu za mia za milimita. Kupima kabla na kukaza baadaye ni sawa na kutopima.

Inafuata hoja ambayo wengi huiona haijibiki: kwamba injini ya mizunguko 4,200 haiwezi kuhisi tofauti ndogo kama hizo. Hesabu inawapa haki kwa nusu, na nusu hiyo yafaa itolewe waziwazi. Chukua kranki yenye uzito wa kilo 10 ambayo kitovu cha uzito wake kimehama milimita 0.05 kutoka kwenye mhimili. Kwa mizunguko 4,200 nguvu inayotupwa nje ni kama nyutoni 97. Pistoni na sehemu ya juu ya konrodi, zikiwa na gramu 700 pamoja, huzaa zaidi ya nyutoni 6,000 kila zinapofika juu katika kasi hiyo. Mtetemo unaotokana na kranki iliyopinda kidogo umezama ndani ya mtetemo wa kawaida wa injini ya silinda moja, na hakuna mwendeshaji atakayeuhisi mikononi. Mpaka hapo wanasema kweli.

Lakini mtetemo haukuwa tatizo tangu mwanzo. Tatizo ni pembe. Shafti iliyohama milimita 0.05 katika urefu wa milimita 50 imeinama kwa sehemu moja ya elfu ya radiani, ambayo ni takriban dakika tatu na nusu za pembe. Beringi ya rola, ambayo ndiyo hubeba mzigo mkubwa karibu na flaiwili katika injini nyingi za Kiingereza za enzi hiyo, huvumilia dakika chache tu za namna hiyo. Rola ni mstari mnene wa chuma unaogusa njia yake kwa urefu wote. Ringi ikiinama, mzigo wote huhamia kwenye ncha ya rola, na njia huanza kumeguka magamba kuanzia ukingoni. Beringi ya gololi huvumilia zaidi kidogo, lakini nayo ina kikomo. Kwa hiyo kasi ndogo haiiokoi beringi: pembe ni ile ile iwe injini inazunguka mara 1,000 au 4,000, na mzigo wa mwako hauhitaji kasi kubwa ili uwe mzito. Vitabu vya huduma vya zamani viliporidhika na kuyumba kwa sehemu mbili za elfu za inchi, yaani milimita 0.05 kwenye saa, havikuwa vinapendekeza uhodari wa mashindano. Vilikuwa vinataja ukomo wa kuvumilika, na fundi mwangalifu hufika nusu ya hapo bila mashine ya ajabu.

Kranki ikishanyooka, bado inategemea kasha. Nusu mbili za kasha zilichongwa nafasi za beringi zikiwa zimeunganishwa pamoja, kama jozi, na viwanda vingi vya Uingereza viligonga namba inayofanana kwenye kila nusu, mara nyingi upande wa chini. Nusu zenye namba tofauti zinaweza kufungana vizuri kabisa kwa boliti huku mihimili ya beringi ikipishana. Kabla ya kranki kuingia, mtaimbo uliosagwa wenye unene wa kuingia sawasawa kwenye beringi zote mbili hupitishwa katika kasha lililofungwa. Ukikataa kupita au kuzunguka kwa urahisi, hakuna unyoofu wa kranki utakaoponya kasha hilo.

Hapa pia kuna desturi inayostahili kukemewa. Nafasi ya beringi ikilegea, mafundi huipiga senta panchi kuzunguka ili vinundu vidogo viishike ringi. Ringi hushika kweli ikiwa baridi, ila sasa imekaa juu ya vinundu visivyolingana, na katikati yake imeamuliwa na nundu lililo refu kuliko mengine. Alumini nayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma: nafasi ya kipenyo cha milimita 62 ikipanda joto kwa nyuzi 80 hulegea kwa zaidi ya milimita 0.05 ikilinganishwa na ringi iliyo ndani yake. Vinundu laini hulala, na ringi huanza kuzunguka ndani ya kasha. Tiba ni kuvisha nafasi hiyo bushi na kuichonga upya kwa mstari mmoja na nusu ya pili. Nafasi iliyo nzima huhitaji tu kasha lipashwe moto hadi nyuzi 100 au zaidi kidogo ili beringi ishuke yenyewe bila kupigwa, na beringi iwe ya alama ya C3, yaani yenye uwazi mkubwa wa ndani, kwa sababu kubanwa kwa ringi kasha likipoa kutakula sehemu ya uwazi huo.

Maoni ya pili, ya kuiweka kranki katikati ya kuta, yana mvuto kwa sababu yanapimika kwa fila geji na macho huyaridhia. Yamejengwa juu ya dhana kuwa mtengenezaji alikusudia flaiwili ziwe katikati ya kasha. Hakukusudia hivyo. Kuta za ndani za kasha ni za kumiminwa kwenye mchanga. Nyingi hazikuchongwa kabisa, na zilizochongwa zilichongwa ili flaiwili zipite tu. Upande wa mnyororo mara nyingi ni mnene kuliko upande wa taimingi kwa kuwa hubeba beringi mbili. Flaiwili zenyewe huenda zimewahi kusagwa usoni ili kupokea washa mpya za konrodi. Kusawazisha nafasi mbili zisizokuwa na kazi ni kusawazisha bahati mbaya za karakana ya kumiminia.

Kinachotakiwa kuwa katikati ni konrodi chini ya mhimili wa silinda. Katika injini hizi konrodi kwa kawaida huongozwa na kichwa kikubwa, ambacho hukaa kati ya flaiwili kwa uwazi mdogo wa kando, na kichwa kidogo huachiwa nafasi kubwa zaidi kati ya mabega ya pistoni. Kranki ikikaa upande mmoja, nafasi hiyo huisha upande huo. Kichwa kidogo husugua bega la pistoni, pini ya pistoni husukumwa kuelekea klipu yake, na kichwa kikubwa huegemea washa moja tu mpaka ilike. Alama zake hujulikana injini inapofunguliwa: bega moja la pistoni linang'aa na jingine lina rangi ya masizi. Pistoni yenye mkwaruzo wa mshazari, juu upande mmoja na chini upande mwingine, inasema jambo jingine, nalo ni konrodi iliyopinda. Hakuna shimu inayotibu konrodi iliyopinda, na wengi wameongeza shimu kwa ugonjwa huo.

Upimaji ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kranki hufungwa ndani ya kasha ikiwa na beringi zake, nati ya upande inakoshikiliwa ikakazwa kama itakavyokuwa mwishoni. Pistoni isiyo na ringi huvishwa kwenye konrodi, silinda hushushwa juu yake na kubanwa. Pistoni ikiwa chini, nafasi kati ya kichwa kidogo na kila bega hupimwa, kwanza konrodi ikiwa imesukumwa kushoto kadiri uwazi unavyoruhusu, kisha kulia, na wastani huchukuliwa. Pale ambapo silinda huzuia fila geji kuingia, vernia hupima kutoka ukingo uliochongwa wa mdomo wa kasha, ambamo shingo ya silinda huingia, hadi kila ubavu wa konrodi. Ukingo huo ulichongwa kwa ajili ya silinda, kwa hiyo ni shahidi halali. Tofauti ya pande mbili ikigawanywa kwa mbili ndicho kiasi cha kuihamisha kranki.

Kuihamisha kunategemea kujua upande upi unaishikilia, na hapa ndipo desturi ya kujaza shimu pande zote huleta madhara makubwa kuliko yote. Kranki ya injini hizi hushikiliwa kwa urefu upande mmoja tu. Upande huo bega la shafti huvutwa na nati dhidi ya ringi ya ndani ya beringi ya gololi. Upande wa pili kuna rola, ambazo huiruhusu ringi moja kuteleza juu ya nyingine, au bushi. Shimu iliyowekwa kati ya flaiwili na beringi ya upande unaoshikilia huisogeza kranki kuelekea upande wa pili kwa unene wake. Shimu iliyowekwa upande ulio huru haisogezi chochote. Hula uwazi tu, na uwazi ukiisha huanza kuzibana beringi mbili kutoka ubavuni.

Watetezi wa kubana husema kuwa alumini ikipata moto itatanuka na kubana kutajilegeza. Ni kweli kwamba umbali wa milimita 100 kati ya beringi mbili, ukipanda nyuzi 80, huzaa uwazi mpya wa karibu milimita 0.09. Ila hoja hiyo inakiri kwamba injini huanza kazi kila asubuhi ikiwa imebanwa, kwa nguvu ambayo hakuna aliyeipima, wakati mafuta bado ni mazito na hayajafika kwenye konrodi. Beringi ya gololi ya kawaida haikutengenezwa kubeba mzigo wa kudumu wa namna hiyo, na kuta za kasha ni laini kuliko ringi inayozisukuma. Tena hakuna faida inayonunuliwa kwa gharama hiyo. Kranki iliyoshikiliwa sawasawa upande mmoja haitembei, hata kama uwazi wa upande wa pili ungekuwa milimita nzima. Sauti ya kugonga inayowafanya watu wakimbilie shimu mara nyingi hutoka kwenye nati iliyolegea au bega lisilofika kwenye ringi.

Zipo injini ambazo shimu hupanga uwazi wenyewe kwa kipimo, nazo hutajwa kama ushahidi wa kujaza. BSA A65 ya silinda mbili ina bushi upande wa taimingi, na shimu zake huwekwa upande wa mnyororo ili kranki isitembee kupita kiasi wala isibane. Huo ni mpangilio wa injini hiyo, wenye kikomo chake kwenye kitabu chake, na shimu zake zote ziko upande mmoja. Triumph za 650 za mwishoni mwa miaka ya 1960 huishikilia kranki upande wa taimingi na kuacha rola upande wa mnyororo. Anayezifunga kwa kanuni moja ya nusu huku na nusu kule ataikosea kila mojawapo.

Baada ya shimu kuingia upande unaostahili, vitu vingine viwili hukaguliwa. Pinioni ya taimingi, pamoja na skrubu inayozungusha pampu ya mafuta pale inapokaa kwenye shafti hiyo, husogea pamoja na kranki, na lazima bado ilingane na meno ya mwenzake. Sproketi inayoegemea ringi ya beringi haihami, lakini iliyokaa kwenye mchongoko wa shafti huhama, na mstari wa mnyororo hupimwa upya kwa rula iliyonyooka hadi kwenye klachi. Kasha hufungwa kwa gundi nyembamba, kwani gundi nene huongeza upana ambao haukuwepo wakati wa kupima. Boliti zikishakazwa zote, kranki huzungushwa kwa vidole ikiwa haina mnyororo wala taimingi. Ikikaza mahali pamoja katika kila mzunguko, kasha hufunguliwa na unyoofu hupimwa tena kwenye vitalu, na ikikaza sawa mzunguko mzima, shimu ya upande ulio huru ndiyo ya kwanza kutolewa.